Kola ya Kasuku Hupimwa Upande wa Shingo

Kasuku anayejinyonyoa utamjua kwa kichwa chake. Kifua kitupu, mapaja matupu, chini ya mbawa imebaki ngozi, lakini kichwani manyoya yametimia na yanang'aa, kwa kuwa mdomo wake haufiki huko. Ukikuta na kichwa nacho kina upara, achana na habari ya kola ya kuzuia mdomo usifike mwilini. Ama kuna ndege mwenzake anayemnyonyoa, ama ana ugonjwa, na yote mawili yanataka dawa nyingine.

Wafuga kasuku wa Songea ni wachache. Ukiingia duka la dawa za mifugo utapata chanjo ya kideri na dawa ya minyoo ya kuku. Kola ya kasuku usiitegemee. Itakubidi uende kwa fundi, na kata ya Lizaboni mafundi wapo: wa viatu, wa cherehani, wa friji. Shida ni kwamba fundi hajawahi kuletewa kazi ya namna hiyo, na mteja mwenyewe hajui aagize nini. Akishapewa kitu cha mviringo chenye tundu katikati, analipa na kuondoka.

Kabla ya kuagiza, jiulize kama ndege wako anaihitaji. Mimi msimamo wangu ni mkali hapa: kasuku anayenyonyoa manyoya tu, ngozi ikiwa nzima, asivalishwe kola. Kunyonyoa ni dalili. Huenda amechoka kukaa peke yake, huenda analishwa alizeti tupu hadi amepungukiwa vitamini A, huenda kizimba kimewekwa jikoni penye moshi wa mkaa. Wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule ambaye makazi yake yanatoka misitu ya Kongo na kugusa Minziro mkoani Kagera, anajulikana duniani kote kwa tabia hii, pamoja na kakatua wa Australia na Indonesia. Ni ndege wenye akili, na wanaoishi kwa makundi. Ukimfungia mmoja kwenye waya miaka kumi, atatafuta la kufanya. Kola ni ya yule aliyekwisha kuvuka manyoya na kuanza kuitafuna nyama, au aliyeshonwa jeraha na nyuzi hazijatolewa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Wengi huigeuza kola mkononi wakitazama ukingo wa nje, kama umekatwa mviringo mzuri. Anza ndani, kwenye tundu la shingo. Hapo ndipo ndege anapoumia. Pitisha kidole polepole kuzunguka ukingo wote, kisha rudia ukiwa umefumba macho. Ukikwaruzwa hata kidogo, kasuku atakwaruzwa mara elfu kwa siku, maana shingo yake haitulii. Ukingo mzuri umekunjwa au umezungushiwa plasta ya kitambaa ya hospitali, tabaka mbili, bila ncha ya plasta kuachwa mahali mdomo unapoweza kuifikia. Ncha ile ni mwaliko. Akishaipata, jioni plasta yote iko sakafuni.

Upana wa tundu kwa kasuku wa kijivu: kidole kidogo cha mkono wako kipite kati ya kola na shingo bila kusukuma. Kwa wale wadogo wa shingo ya njano wanaotoka Dodoma na Singida, njiti ya kiberiti inatosha kuwa kipimo. Ikilegea zaidi, ndege huingiza mguu au taya la chini, na hapo anaweza kujinyonga. Ikibana, inakandamiza gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo kwa mbele, na chakula kinarudi mdomoni. Kwa hiyo usikubali kipimo kilichochukuliwa gole likiwa tupu. Mpime akiwa ameshiba.

Uzito ndio unaosahauliwa kuliko vyote. Kasuku wa kijivu ana gramu 400 hadi 500. Kola ya gramu 40 unaiona nyepesi kiganjani, lakini kwake ni sawa na mtu wa kilo 65 kuvalishwa karibu kilo 6 shingoni, usiku na mchana. Wauza dhahabu na wauza viungo wana mizani ndogo. Iweke kola juu yake. Ikizidi gramu 20, mwambie fundi apunguze.

Kuhusu malighafi, kwa mazingira yetu naona kuna tatu za kuzungumzia.

Filamu ya eksirei ndiyo ninayoipenda kwa sahani, ile kola pana inayofanana na mwavuli. Ni nyepesi, ina mkunjo wa kujirudisha, na ukiiloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo ule weusi unatoka, inabaki plastiki angavu ya samawati ambayo ndege anaona kupitia. Kasuku asiyeona pembeni anaishi kwa hofu, na hofu inamrudisha kwenye kunyonyoa. Kola ya filamu ambayo bado ni nyeusi ni kazi ya fundi mvivu. Isuguliwe, isuuzwe kwa maji mengi, ianikwe hadi isinuke. (Wanaotaka wawahi kuomba filamu za zamani kwa jamaa na majirani, maana hospitali nyingi sasa picha zinatazamwa kwenye kompyuta.) Sahani ivalishwe ikiangalia chini, kuelekea mabegani, ili mdomo ubaki huru kula; ikiangalia mbele kama ya mbwa, inageuka bakuli la kukusanyia makombo na kinyesi.

Ya pili ni sponji nyeusi ya mabomba ya kiyoyozi, ambayo fundi friji hubakiwa na vipande vyake. Inakatwa urefu wa shingo, inapasuliwa kwa ubavu, inavalishwa kama kola ya mtu aliyevunjika shingo. Ndege hawezi kuinama kufikia kifua, ila anaona vizuri na anapanda vijiti bila kugonga. Kwa jeraha la kifuani ndiyo bora. Udhaifu wake ni kwamba inatafunika. Ifunikwe kitambaa, na kitambaa kishonwe, kisigundishwe. Gundi ya viatu ninaikataa kabisa katika kazi hii. Mapafu ya ndege yanafyonza hewa kwa ufanisi kuliko yetu, na harufu inayomuumiza mtu kichwa inaweza kumuua kasuku. Kola yoyote unayoletewa, inuse kabla ya kuitazama. Ikinuka dukani, irudishe.

Ya tatu ni fulana ya kitambaa. Akina mama wa cherehani wataishona kwa haraka na itapendeza, na ndiyo maana inahitaji jicho kali zaidi. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Anapumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua. Fulana inayobana kifua inamziba pumzi hata kama shingo iko wazi. Ivute kwa mbele: iachie nafasi ya vidole viwili. Kisha igeuze ndani nje na utazame mishono. Nataka tundu ndogo za sindano zilizosogeleana, pindo lililofichwa, na nyuzi zilizokatwa zote. Uzi mmoja ulioachwa unazunguka kidole cha mguu na kukikatia damu, na uzi uliomezwa unafunga gole. Kitambaa cha kufuma kwa mkono au taulo hakifai hata kimoja. Pamba ya shuka iliyofuliwa mara nyingi inafaa.

Upande wa kufungia, velkro inatosha, ikifungwa kisogoni ambapo mdomo haufiki. Vifungo vya chuma vya kubonyeza usivikubali. Vingine vina zinki, na zinki ni sumu kwa kasuku anayeilamba kila siku.

Ukisharidhika na kola mkononi, bado hujamaliza kuipima. Siku moja kabla ya kumvalisha, mpe kipande cha malighafi ileile ukiwa umekaa naye. Akikimega vipande ndani ya dakika chache, kola hiyo haitafika kesho. Baada ya kumvalisha, mpe kipande cha hindi la kuchemsha, ambalo hapa Songea halikosekani. Wa kijivu hula kwa kushika chakula kwa mguu na kukileta mdomoni. Kola nzuri inaruhusu mguu kufika. Mguu ukigonga ukingo mara tatu, akaacha, upana umezidi, na kila sentimita utakayopunguza ni chakula utakachomrudishia. Shusha vijiti vya kizimba, sogeza maji juu kidogo, na ukae naye saa za mwanzo. Wengi huanguka, hupiga kelele, kisha hutulia. Asipogusa chakula hadi jioni, ivue. Mwezi Juni na Julai, baridi ya huku inapouma, ndege mwenye kifua kitupu afunikwe kizimba usiku, kola iwepo isiwepo.

Lipo jambo la mwisho, nalo halimhusu fundi. Kasuku wa kijivu yuko katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES tangu uamuzi wa Johannesburg wa mwaka 2016, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayemiliki ndege wa porini. Mwenye ndege asiye na kibali huogopa kumpeleka kwa daktari wa mifugo, akamtibu mwenyewe nyumbani kwa kola mpaka jeraha linanuka. Fuatilia kibali chako mapema. Na ukiona nyama iko wazi, ukiona damu kwenye nyoya changa haikomi, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Fundi utamwona ukirudi.