Mafaili Yapi Yapande Flashi?

Yangambi, katika teritwari ya Isangi, ina hebariamu yenye vielelezo vya mimea vipatavyo 150,000. Ni urithi wa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933, ambayo leo ni INERA. Vielelezo kama hivyo vikipigwa picha, huzaa mafaili mazito. Na kufika Kisangani ni takriban kilomita 100 za mto. Penye intaneti dhaifu, data husafiri mfukoni. Ndipo linapokuja swali la mwandika programu: flashi ikibakiwa na nafasi ndogo, yapande mafaili yapi?

Tuchukue mfano wa nafasi ya megabaiti 700 na mafaili matano: 380, 350, 340, 330 na 10. Wengi huanza na kubwa kisha hushuka. Likiingia la 380, matatu yanayofuata hayatoshi tena; linaongezeka la 10 tu. Jumla 390, na 310 zimekaa bure. Kumbe 350, 340 na 10 zingejaza 700 kamili.

Kujaribu kila mchanganyiko nako hakufai. Mafaili 30 tu yana michanganyiko 1,073,741,824, na kila faili jipya huizidisha mara mbili.

Dawa ni kuhesabu jumla badala ya michanganyiko. Programu huanza na orodha yenye 0 peke yake. Kwa kila faili, huongeza ukubwa wake kwenye kila jumla iliyokwisha kuwamo, hutupa zinazopita 700, na hukumbuka kila jumla mpya imeletwa na faili gani. Michanganyiko mingi huangukia jumla moja, na mmoja tu huhifadhiwa. Orodha haiwezi kuzidi jumla 701. Kwa mafaili 30, kazi haipiti hatua 21,030. Mwishoni huchukuliwa jumla kubwa kuliko zote, kisha programu hurudi nyuma kuyataja mafaili yake.

Wepesi huo umetokana na kipimo. Tungehesabu kwa baiti, orodha ingeweza kufikia mamilioni ya jumla. Kwa hiyo kila ukubwa hupandishwa hadi megabaiti nzima inayofuata, wala haushushwi: ukishushwa, hesabu itakubali na flashi itakataa. Nafasi nayo isomwe kwenye kompyuta, si kwenye lebo, kwa kuwa flashi ya gigabaiti 16 huonekana kwenye Windows kama 14.9. Na ikiwa imepangwa kwa FAT32, faili linalofikia gigabaiti 4 liondolewe kabla ya hesabu kuanza.