"Mwanasaikolojia wa Michezo": Istilahi Moja, Kazi Mbili

Miongoni mwa istilahi zinazozidi kutumika katika tafsiri za mambo ya riadha na kandanda ni "mwanasaikolojia wa michezo". Umbo lake halina kasoro. Limefuata kanuni ile ile iliyotupatia mwanasayansi na mwanahistoria. Kasoro imo katika matumizi, kwani wafasiri huwapa jina hili watu wenye mafunzo na madaraka yasiyolingana.

Taaluma yenyewe si changa. Mwaka 1925 Coleman Griffith alifungua maabara ya kuchunguza wanamichezo katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na mwaka 1938 aliajiriwa na timu ya besiboli ya Chicago Cubs. Leo wahudumu wake ni wa namna mbili. Wako waliosomea saikolojia na kupewa leseni na serikali ya jimbo. Miongoni mwao wamo wanaotibu sonona na maradhi mengine ya akili. Wako pia waliotokea katika elimu ya michezo, ambao humfundisha mchezaji kutuliza moyo kabla ya mashindano na kujiwekea malengo. Jumuiya ya fani hii iliyoundwa Marekani mwaka 1985 hutoa cheti kwa mwenye shahada ya uzamili au uzamivu, aliyefanya kazi saa 400 chini ya msimamizi na kufaulu mtihani. Lakini cheti hicho si leseni ya saikolojia. Nchini Uingereza, jina la mwanasaikolojia wa michezo na mazoezi limelindwa na sheria tangu mwaka 2009.

Basi anayewaita wote jina moja hakosei lugha tu. Mchezaji asiyelala wala kula kwa majonzi aweza kupelekwa kwa mtu asiye na mamlaka ya kumtibu. Naye anayetaka tu kupiga penalti bila kutetemeka aweza kudhaniwa mgonjwa, akaona haya kwenda.

"Kocha wa akili", jina linalosikika pia, halituridhishi. Kocha ndiye mpanga timu, na "wa akili" huwakumbusha wengi hospitali ya vichaa. Tunaonelea "mwanasaikolojia wa michezo" abaki mwenye leseni, na mwenzake aitwe "mshauri wa maandalizi ya kisaikolojia". Istilahi hii ni ndefu, lakini haimpotezi msomaji. Mwenye iliyo fupi na sahihi zaidi tunamkaribisha ailete.