«Marie-Louise» juu ya magoti

Wimbo tunaotaka kuuongelea hapa una dakika nne na kidogo. Ulinaswa kwa telefone, usiku, ndani ya nyumba ya mbao yenye mabati hapa Rubaya, na kijana ambaye mchana anatengeneza pikipiki. Ni «Marie-Louise», ule wa Wendo na Henri Bowane wa 1948, lakini hakuna anayeimba. Mahali pa sauti ya Wendo iko gitare moja inayolazwa juu ya magoti na kutelezeshewa kipande cha chuma, ile ambayo wazee wa muziki waliita hawaïenne. Jina la kijana hatuliandiki, ndivyo alivyotuomba. Aliwatumia rafiki zake wawili watatu, wimbo ukatembea, na sisi ukatufikia.

Tuliusikiliza pamoja, na mabishano yakaanza hata mbele ya wimbo kuisha. Mmoja wetu, mzee tunayemheshimu sana, alisema: «Rumba sawa, UNESCO yenyewe iliiandika kuwa urithi mwaka 2021. Lakini mambo ya Hawaii yanatafuta nini katika kijitabu cha mila?» Swali ni la haki, na hatutaki kulipita mbio.

Namna ile ya kupiga ilianzia kweli mbali. Anayetajwa zaidi ni Joseph Kekuku, kijana wa kisiwa cha Oahu, ambaye kuelekea mwisho wa karne ya 19 alianza kutelezesha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzikandamiza kwa vidole. Sahani za gramafoni ziliibeba sauti ile dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale Léopoldville, Zacharie Elenga alikuwa ameshapewa jina la «Jhimmy à la hawaïenne» juu ya namna gitare yake ilivyolia, na vijana wa wakati ule walimfuata kama nyuki. Miaka ya 1960 Docteur Nico aliishika gitare ya Hawaii katika baadhi ya nyimbo za African Fiesta. Sasa tuhesabu. Chukudu yetu, ambayo Goma imeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu, inasemwa ilianza miaka ya 1970. Kumbe sauti ya Hawaii ilifika Congo mbele ya chukudu, na hakuna hata mmoja wetu anayeuliza kama chukudu ni ya kwetu.

Tena gitare ya kijana huyu imezaliwa karibu na chukudu kabisa. Ni ubao wa mkalitusi aliouomba kwa fundi mmoja. Nyuzi sita zimeinuliwa juu ya kipande cha chuma ili zisiguse ubao, na zimefungwa kwa namna ambayo ukizipiga zote bila kugusa kitu unapata akordi nzima. Chuma cha kutelezesha ni pini ya pistoni ya pikipiki, laini kama kioo. Chini ya ubao amebandika kidude kidogo alichotoa katika saa ya mezani, kile kinacholia asubuhi: kikishikwa na mtikisiko wa ubao kinatoa umeme kidogo, nao unaingia katika radio ya zamani. Gitare ya kawaida aliinasa kwanza katika telefone moja. Kisha akaifanya telefone ile iimbe pembeni, akapiga Hawaii juu yake, telefone ya pili ikanasa yote. Telefone mbili hizo ziko na tantali ndani, na pengine ilitoka katika vilima tunavyoviona kwa dirisha. Hilo tunalisema kwa kupita tu.

Sasa kazi yenyewe. Mwanzo ni mzuri, na hatusemi hivi kwa huruma. Kijana anaingia na melodi polepole, anaacha nafasi ya kupumua mahali mwimbaji angepumua, na chuma kinatetemeka mwishoni mwa kila mstari kama koo la mtu mzima. Lakini Wendo alijulikana pia kwa kuvunja sauti: koo linaruka ghafla kwenda juu, bila ngazi. Chuma hakipendi kuruka, chenyewe kinateleza. Wengi wangeteleza na kutudanganya. Huyu anakiinua chuma kabisa, sauti inakatika, halafu anakitua juu ya uzi mwingine. Mara mbili anatua pembeni kidogo na sauti inakuwa chini ya mahali pake, inachoma sikio. Hata hivyo tunachagua kosa hilo mbele ya uteleziteleza mtamu, sababu amesikia Wendo alifanya nini.

Shida iko katika sebene. Watu wengi wanaihesabu gitare ya Bowane katika wimbo huu kama moja ya mama za sebene zote zilizofuata. Nguvu yake ni noti fupi, zinazosema na kunyamaza, ili nyingine ijibu. Gitare ya Hawaii hainyamazi yenyewe. Noti inabaki inalia wakati nyingine inaingia. Sebene ya kwanza imekuwa uji. Miguu haijui iende wapi. Katika sebene ya pili kijana ameanza kuzima nyuzi kwa ubavu wa kiganja, na hapo, kwa muda mfupi, mazungumzo yanarudi. Inaonekana aligundua dawa katikati ya kazi na hakurudi nyuma kutibu mwanzo. Sahani ya zamani ilibeba kama dakika tatu upande mmoja, na ufupi ule ulimlazimisha mpigaji kuchagua. Telefone haimlazimishi mtu.

Halafu iko mvua. Kuelekea dakika ya tatu inapiga mabati, akompanyema inamezwa, Hawaii inabaki peke yake. Wenzetu wawili walisema hapo ndipo wimbo ulipo mzuri zaidi. Sisi tunakataa. Mvua haikujifunza gitare.

Na akompanyema ile ndiyo inayotusumbua usiku. Kijana aliifundishwa na mzee mmoja wa hapa, aliyekuwa akiipiga katika arusi kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Mmoja wetu aliisikia mara nyingi. Anasema ilikuwa na sehemu mbili: ya kwanza chini ya melodi, ya pili chini ya sebene, yenye mwendo mwingine. Katika wimbo huu tunasikia ya kwanza tu, inarudiwa mpaka mwisho. Ndiyo maana sebene haisimami, hata pale kiganja kinapofanya kazi vizuri. Chuma kinauliza na chini hakuna wa kujibu.

Tulimwuliza kijana. Akasema hakumaliza kujifunza. M23 waliingia Rubaya mwisho wa mwezi wa nne 2024, mzee akakimbia na jamaa yake. Walisikia yuko katika kambi moja pembeni ya Goma, na kambi zile zilibomolewa mwanzo wa 2025. Tangu hapo hakuna habari.

Wendo mwenyewe aliupiga tena «Marie-Louise» katika uzee wake, miaka ya 1990, na wimbo haukukataa. Kwa hiyo kijana akisema atarudia kazi hii wakati wa kiangazi, mabati yakiwa makavu, tunamwambia afanye. Alitaka kujitungia sehemu ya pili ya akompanyema ili pengo lisionekane. Tumemwomba asifanye hivyo kwanza. Apige Hawaii yake kwa kiganja tangu sebene ya kwanza, na chini ya sebene aache wazi. Huku sisi tunaulizia mzee kwa watu wanaopanda na kushuka njia ya Sake.