Ripoti ya Kasoro kama Utanzu: Sauti ya Mtumiaji wa Garissa katika Uboreshaji wa Linux

Utangulizi

Uhakiki wetu umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Zipo, hata hivyo, aina za maandishi ambazo hazidai kuwa fasihi, lakini zinamtaka mtu atunge, na utunzi wake ukapimwa kwa kanuni kali kuliko zile za tenzi. Mojawapo ni ripoti ya kasoro ambayo mtumiaji wa kompyuta huwaandikia watengenezaji wa programu. Makala haya yanakusudia kuihakiki ripoti hiyo kwa upande wa fani na maudhui, na kuuliza ni nani anayeachwa nje na kanuni zake. Mfano wetu ni mikusanyo ya Linux, na mahali petu ni Garissa na jirani zake, Wajir na Mandera, eneo lililokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya hadi serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013.

Kwa neno "mkusanyo" tunamaanisha kiini cha mfumo wa Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, pamoja na programu zake, vyote vikiwa vimefungashwa ili vigawiwe watu. Debian ilianzishwa mwaka 1993. Ubuntu ilizaliwa kutokana na Debian, na toleo lake la kwanza likatoka Oktoba 2004. Mwasisi wake, Mark Shuttleworth, ni mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni la Kinguni, ndugu wa neno letu "utu".

Mikusanyo hii hutolewa bure. Mfanyabiashara wa sokoni hujua bidhaa ipi imekataliwa kwa kuiona imebaki mezani, lakini anayegawa bure hana mizani hiyo. Ndiyo maana watengenezaji hawa huwategemea sana watumiaji wawaambie lililo jema na lililoharibika. Hoja yetu ni kwamba njia walizozichagua za kusikia ni njia za kitanzu, na utanzu huo una mipaka ambayo wenyewe hawaioni.

Fani ya ripoti

Ripoti ya kasoro ina muundo unaojulikana. Kwanza huja kichwa cha habari kifupi. Hufuata namba ya toleo, kisha hatua zilizochukuliwa kwa mfuatano, kisha lile lililotarajiwa, na mwisho lile lililotokea. Msimulizi wake hana mwili wala mahali. Hatakiwi kulalamika, kutia chumvi, wala kueleza hasara aliyoipata. Lugha yake, katika mikusanyo mikubwa yote, ni Kiingereza.

Hatuubezi muundo huu. Fundi anayepokea ripoti nyingi kwa siku moja hawezi kutengeneza asichoweza kukirudia mwenyewe, na hatua zilizopangwa vema humwezesha kukirudia. Kanuni ina sababu yake. Lakini kila utanzu, kwa kuchagua kinachosemwa, huchagua pia kinachonyamaziwa.

Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi mjini Garissa. Kompyuta ilikuwa ikipokea masasisho, umeme ukakatika, na tangu hapo haiwaki. Akisimulia kwa mdomo ataanza na umeme, kwa sababu kwake hicho ndicho chanzo. Atasema kwamba umeme hukatika mara kwa mara, kwamba vifurushi vya intaneti ni ghali na sasisho lilikula fedha zake, na kwamba darasa zima lilikuwa likimtazama. Ripoti humtaka aanze na namba ya toleo. Umeme hauna nafasi kwenye fomu, kwa maana fomu huanzia na kuishia ndani ya mashine. Akifanikiwa kuandika, huenda ataombwa faili la kumbukumbu za mfumo, lililo ndani ya kompyuta ileile isiyowaka. Katika Launchpad, mahali ambapo Ubuntu hupokelea ripoti, iliyohukumiwa kuwa haijakamilika hufungwa yenyewe baada ya siku 60 za kimya. Kwa hiyo mwenye tatizo kubwa kuliko wote ndiye anayehesabiwa kuwa hakujibu.

Hapa hatuna budi kutaja jambo lenye kinaya. Ripoti ya kwanza kabisa ya Ubuntu iliandikwa na Shuttleworth mwenyewe mwaka 2004, naye alilalamikia ukubwa wa sehemu ya soko iliyoshikwa na Microsoft. Ripoti hiyo ilihusu hali ya dunia, na mashine iliyoharibika haikuwamo. Ilibaki wazi hadi mwaka 2013, alipoifunga kwa maelezo kwamba simu na vifaa vingine vimebadilisha hali. Mwasisi alikuwa na haki ya kuuvunja utanzu na kuandika kile kilichomkera. Haki hiyohiyo ndiyo anayonyimwa mwalimu wetu anapotaka kuandika juu ya umeme na bei ya intaneti. Tena yeye ana hoja ya kiufundi: sasisho lingeweza kugawanywa vipande vidogo, na kusanifiwa lisiiache mashine ikiwa nusu hai umeme ukatikapo.

Hesabu ya wasiosema

Watengenezaji wanajua kwamba wengi hawaandiki, na hivyo wamebuni njia ya pili, yaani kuhesabu bila kuuliza maneno. Debian ina programu iitwayo popularity-contest, ambayo hupeleka orodha ya programu zinazotumika katika mashine. Mtumiaji huombwa ridhaa wakati wa kusimika mfumo, na jibu lililowekwa tayari ni la hapana. Ubuntu ilifuata njia nyingine katika toleo la 18.04 la mwaka 2018: jibu lililowekwa tayari lilikuwa ndiyo. Baadaye ikatangaza kwamba asilimia 67 walikubali.

Hesabu kama hizi zina faida, kwani huonyesha ukubwa wa kumbukumbu za mashine na upana wa vioo vyake. Lakini zatuambia nini juu ya Garissa? Taarifa ya Ubuntu ilichukua lugha ya mfumo na majira ya saa. Majira ya Kenya yote, katika mifumo hii, yanaitwa kwa jina la Nairobi. Basi mashine ya Mandera, ikiwa imewekwa Kiingereza kama ilivyotoka kiwandani, huingia hesabuni kama mashine ya mji mkuu. Takwimu imemwona mtu, kisha ikamhamisha nyumbani kwake.

Ajabu ni kwamba ndani ya mfumo wenyewe eneo hili limekwisha kutambuliwa. Maktaba ya msingi ya Linux ina mpangilio wa Kisomali cha Kenya, wa Kioromo cha Kenya na wa Kiswahili cha Kenya, yaani majina ya siku na miezi na alama ya fedha. Mashine yajua kumwambia Msomali wa Wajir leo ni siku gani kwa lugha yake. Haijui kumsikiliza kwa lugha hiyo.

Suala la Kiswahili

Msomaji atasema kwamba dawa ni Kiswahili. Jaribio kubwa la njia hiyo lilifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mradi huo ulithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba kazi za kompyuta, na sifa hiyo hatuipunguzi. Hata hivyo, Kiswahili sanifu kilitokana na lahaja ya Kiunguja, iliyochaguliwa Mombasa mwaka 1928. Garissa ni mji ambamo wengi huzaliwa katika Kisomali, majirani zao wa Mto Tana wana Kipokomo na Kimunyoyaya, na Kiswahili hukutwa shuleni, sokoni na kituo cha polisi. Istilahi iliyotungwa bila kuwauliza watu hawa huenda ikawaangukia vizuri au vibaya, na mtungaji asijue.

Tutoe mifano miwili. Neno "hariri", likisimama peke yake kwenye skrini kama amri, humfikia Msomali likiwa karibu na "xariir", yaani kitambaa laini. Kiswahili chenyewe kina maana zote mbili, lakini mzaliwa wa pwani husaidiwa na mazoea ya magazeti na wahariri wake. Kinyume chake, "hifadhi" ni neno lenye bahati. Mtoto aliyepitia duksi, yaani chuo cha Kurani, huandika aya kwa wino juu ya ubao uitwao "loox", huihifadhi moyoni, ndipo ubao huoshwa. Anajua tangu utotoni kwamba usipohifadhi kabla ya kufuta, umepoteza. Mwalimu wa kompyuta hapati mfano bora kuliko huo, na mfano wenyewe uko Garissa, wala hauko katika kamusi.

Aidha, Kisomali hakina sauti ya "p" wala "z", na anayeandika Kiswahili kama akisikiavyo aweza kuandika "brogramu". Chombo cha kutafutia ripoti zinazofanana hakitaiona. Haya ni mambo madogo, lakini mtaalamu wa lugha huyafahamu kabla ya fundi, na kwa hiyo ni kazi ya idara kama zetu.

Historia ya kuulizwa

Kuna jambo zito zaidi. Kuuliza maoni si tendo lisilo na historia. Mwaka 1962 tume ya Uingereza ilizunguka iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwauliza wakazi wangependa kuwa chini ya serikali ipi. Tume iliripoti kwamba walio wengi walitaka kujiunga na Somalia. Mwaka 1963 ikaamuliwa kwamba eneo hilo libaki Kenya, na vita vilivyoitwa vya shifta vikafuata hadi mwaka 1967. Hapa hatuhukumu uamuzi huo. Tunachosema ni kwamba watu waliulizwa rasmi, wakajibu, na jibu lao halikubadilisha neno.

Mfano wa karibu ni wa Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991. Wakenya wengi wa eneo hilo, kwa ajili ya njaa na ukame, walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula. Walipotaka kitambulisho cha taifa, alama za vidole vyao zilikutwa katika daftari la wakimbizi, wakanyimwa. Taarifa iliyotolewa kwa ajili ya unga ikageuka ushahidi dhidi ya uraia.

Mtu aliyekulia katika historia hiyo akiona dirisha linalomwomba ruhusa ya kupeleka taarifa za mashine yake, halafu akakataa, hatumwiti mjinga wala mshamba. Kukataa kwake nako ni maoni. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya kweli, na kwa maoni yetu jibu la ndiyo lililowekwa tayari halifikii kipimo hicho. Katika hili Debian imekuwa na adabu zaidi, ijapokuwa hupata takwimu chache zaidi.

Njia ya sahan

Wafugaji wa Kisomali wana desturi iitwayo "sahan". Kabla ya kuhama, mtu hutumwa mbele kutazama malisho na maji. Akirudi huketishwa, husikilizwa kwa mpango wake mwenyewe, huulizwa maswali, kisha kambi huhama au hubaki kwa kutegemea neno lake. Hata salamu ya kawaida ya Kisomali, "is ka warran", ni ombi la habari. Jamii hii, basi, haikosi utamaduni wa kutoa ripoti. Ina utanzu wake, wenye masharti mawili: msimulizi huanza anapotaka, na wasikilizaji huonekana wakitenda.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ripoti ipokelewe kwa sauti, kwa Kisomali au Kiswahili cha mahali, na kazi ya kuipanga katika hatua na namba ifanywe na mpokeaji. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa waweza kuwa wapokeaji hao. Pili, ripoti iweze kuandikwa bila intaneti na kupelekwa mtandao upatikanapo. Barua pepe, ambayo Debian bado huitumia, yafaa kwa kazi hiyo. Kati ya mwaka 2005 na 2011 Ubuntu ilipeleka diski bure kwa posta. Njia ya kwenda ilifika hadi kwenye sanduku la barua, lakini njia ya kurudi ilihitaji intaneti. Tatu, ripoti isifungwe bila jibu linaloeleweka kwa aliyeitoa.

Atakayepinga atasema kwamba watumiaji wa Linux Garissa ni wachache, wala hawastahili gharama hiyo. Ni kweli kwamba wengi hutumia simu, ingawa simu za Android nazo zimejengwa juu ya kiini hichohicho. Lakini hoja hii huzunguka: hawasikilizwi kwa kuwa ni wachache, na mfumo usiovumilia umeme wao hautawaongeza. Waliochukua jina la "utu" kwa mkusanyo wao wamejitwika deni la maana yake. Utu, kwa jinsi lugha zetu zinavyoufahamu, ni kumjibu aliyekuambia.