Mji Juu, Shamba Bondeni

Mchezaji mgeni wa Civilization VI akiona tambarare ya mto unaofurika huikwepa. Mzoefu huikimbilia. Tangu nyongeza ya Gathering Storm ilipotoka mwaka 2019, mito ya gemu hili hufurika kwelikweli: maji hubomoa mashamba, huharibu majengo, hata hupunguza watu, kisha hushuka na kuacha baadhi ya vigae, yaani vipande vya ramani, vikitoa chakula kingi kuliko mwanzo. Zamu za awali ndizo zinazoamua gemu zima, na swali gumu la zamu hizo ni mji wa pili na wa tatu uwekwe wapi ili ule rutuba ya mto bila wenyewe kuliwa na mto.

Swali hilo limewahi kuulizwa nje ya kompyuta, kwa watu wenye nyumba na watoto, katika bonde la Rufiji mkoani Pwani. Nalichambua hapa kama ninavyochambua ramani ya gemu, kwa sababu kanuni moja ndogo ya Civilization inaonyesha waziwazi kwa nini Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 ilipatia nusu na kukosea nusu.

Kanuni zenyewe kwanza. Mlowezi wa kwanza, yaani kikosi kinachoanzisha mji mpya, hugharimu uzalishaji 80 kwa mwendo wa kawaida, na kila anayefuata huwa ghali zaidi. Mji unaomtoa hupungukiwa na mkazi mmoja, kwa hiyo mji wenye mkazi mmoja hauwezi kumtoa kabisa. Kati ya mji na mji lazima vibaki vigae vitatu. Ukiweka mji penye maji baridi unaanza na nafasi ya makazi 5, ufukweni 3, na pasipo maji yoyote 2 tu. Halafu ile ambayo wengi huisahau wakiwa na haraka ya kujitanua: wakazi hawafanyi kazi kwenye kigae kilicho zaidi ya hatua tatu kutoka kitovu cha mji. Kitovu ni kigae kimoja. Mji wenyewe ni vile vigae 36 vinavyokizunguka. Anayechagua kitovu kizuri huku vigae vizuri vikibaki hatua ya nne amejenga mji wenye njaa.

Sasa tuingie Rufiji, tuanzie mbali kidogo. Karibu na Kibiti, mahali paitwapo Mkukutu, mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua makazi ya kale na kupata shanga za kioo za Kirumi, matokeo aliyoyachapisha mwaka 1999. Kwa Chami huo ni ushahidi kwamba Rhapta, soko la mbali la Azania linalotajwa katika kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, lilikuwa upande huu wa pwani. Wanazuoni wengine wanabishana naye kuhusu mahali halisi pa Rhapta, na mjadala huo hautuhusu sana leo. Kinachotuhusu ni kwamba watu wa mapema walioonja biashara ya bahari hawakulazimika kuishi mdomoni mwa mto. Delta hujaa na kupwa kila siku, maji yake huingia chumvi, na mikoko imefunga njia. Anayekaa nyuma yake anapata udongo wa kulima, na bahari inabaki karibu.

Tukipanda na mto kutoka delta kuelekea Ikwiriri, Utete, Mkongo hadi Mloka, tunakuta mfumo ambao hakuna mchezaji wa gemu aliyeubuni. Rufiji hupata maji yake kutoka mbali sana: mito ya Kilombero na Luwegu ndiyo inayoungana kuuzaa, na Ruaha Mkuu huongezea maji ya nyanda za juu za Iringa na Mbeya. Maana yake mvua ya bondeni na mafuriko ya bondeni ni vitu viwili tofauti. Kijiji kinaweza kukosa mvua kabisa na bado mto ukafurika kwa mvua iliyonyesha mamia ya kilomita juu.

Mrufiji amejenga kilimo chake juu ya tofauti hiyo. Mpunga hupandwa bondeni kwa mvua za kuelekea Desemba na Januari, na kazi yake kubwa ni kurefuka upesi kabla maji ya mto hayajapanda, kwa kawaida kati ya Machi na Mei. Maji yakija taratibu, mpunga hupanda nayo na kuvunwa yakishuka. Yakija mapema au kwa kishindo, hufunikwa na kuoza. Hapo ndipo inapoingia mlau. Maji yakianza kurudi mtoni huacha udongo mweusi, mzito, uliolowa hadi chini. Mkulima huyafuata maji yanavyoshuka, akipanda mahindi na kunde, na zamani pamba, katika ardhi iliyotoka tu kuachwa wazi. Mahindi hayo hukua kiangazi chote bila tone la mvua, kwa unyevu ulio ardhini. Kwa hiyo mafuriko yaleyale yaliyoua mpunga ndiyo yanayolipa mahindi. Mwaka mbaya kabisa kwa Rufiji ni ule unaokosa mvua ya bondeni na maji ya mto kwa pamoja.

Kulala je? Zamani kaya zilitawanyika kwenye kingo za mto, kwenye vimwinuko ambavyo mto wenyewe ulivijenga kwa mchanga wake. Na shambani kulikuwa, na bado kuna, dungu: kibanda juu ya nguzo ndefu, sakafu ya fito, paa la makuti au nyasi, ngazi ya miti. Familia hulala humo miezi ya ulinzi, kwa sababu nguruwe, nyani, ndege na kiboko hawangoji asubuhi. Maji yakipita chini ya dungu, watu wako juu. Yakilichukua, nguzo mpya zinakatwa porini. Kitu ambacho mto unaweza kukifikia kimejengwa kiwe rahisi kukirudisha, na mimi naona hapo ndipo ulipo ufundi wote wa Rufiji.

Mchezaji makini wa Civilization hufanya vivyo hivyo. Anaweka kitovu kwenye kilima kinachogusana na mto ili apate maji baridi, halafu anaacha tambarare ya mafuriko iwe mzunguko wa kwanza na wa pili wa mji wake. Bondeni hujenga mashamba tu. Sehemu za gharama kubwa, kama viwanja vya elimu, ibada na biashara, huzipandisha nje ya tambarare, maana kuzikarabati kila baada ya gharika hula zamu ambazo zingemtoa mlowezi mwingine. Shamba lililobomolewa, fundi hulirudisha bila kupunguziwa idadi ya kazi alizobakiwa nazo. Anayecheza na Misri ndiye anayeweza kupuuza hesabu hii, kwa sababu kipaji cha taifa hilo ni kutodhuriwa na mafuriko.

Mwaka 1968 Rufiji ilifurika vibaya. Serikali ya Tanzania, iliyokuwa imetoka kutangaza Azimio la Arusha mwaka uliotangulia, iliamua kuwatoa watu bondeni na kuwapeleka kwenye ardhi ya juu, wengi wao upande wa kaskazini wa mto, katika vijiji vya ujamaa. Ndiyo Operesheni Rufiji, moja ya operesheni za mwanzo kabisa nchini, miaka mitano kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini sasa ni amri kwa nchi nzima.

Kwa upande wa kitovu, uamuzi ulikuwa sahihi, na ni haki kuusema hivyo. Ardhi ile haifikiwi na maji. Shule, zahanati, kisima na duka vinaweza kuwekwa mahali pamoja na kudumu. Huwezi kujenga shule ya matofali kwenye ukingo unaohama kila baada ya miaka michache. Mwaka 1974 mto ulifurika tena kwa nguvu kubwa, na aliyekuwa juu alikuwa salama.

Tatizo lilikuwa hatua ya nne. Vijiji viliwekwa kwa kuangalia kitovu, wakati mashamba ya mpunga na mlau yalibaki palepale bondeni. Mtu aliyekuwa akiamka na kulitazama shamba lake sasa alikuwa na mwendo mrefu wa miguu, na kwa baadhi mto wenyewe ulikaa katikati ya nyumba na shamba. Ardhi ya juu ni ya kichanga, inategemea mvua, na haiwezi kuzaa kama udongo wa mto. Ulinzi wa mazao ulilegea, na wanyama wakapata nafasi. Mlau ndio ulioumia zaidi, kwa sababu unadai kuufuata mto siku kwa siku, na huwezi kufuata maji yanayoshuka ukiwa unakaa mbali nayo.

Watu walijibu kwa njia waliyoijua. Walirudi bondeni kwenye madungu kwa miezi ya kilimo, wakaacha kijiji nusu kitupu, kisha wakarudi juu msimu ulipoisha. Maofisa wa wakati ule waliona huo ni ukaidi. Mimi nauona kama hesabu sahihi ya masafa. Kaya moja ilikuwa na vitovu viwili, cha juu kwa shule, zahanati na vitu vya thamani, cha chini kwa chakula, ikahama kati yake kwa kufuata kalenda ya mto. Kama operesheni ingeupanga mfumo huo tangu mwanzo, ikatoa mitumbwi ya kuvukia, ikatengeneza njia za kushukia bondeni, na ratiba ya shule ikazingatia miezi ya ulinzi, vijiji vilevile, mahali palepale, vingefanya kazi vizuri zaidi.

Hapa gemu lenyewe linaishiwa. Katika Civilization mkazi hana msimu. Akiwekwa mji huu ni wa mji huu, na kigae kilicho hatua ya nne hakilimwi hata ukiwa tayari kulala huko miezi mitatu. Kwa mchezaji, njia pekee ya kukifikia ni kuweka mji mwingine, na mji mwingine unataka mlowezi mwingine na vigae vitatu katikati. Laiti waundaji wake wangeongeza kambi ya msimu, ya bei nafuu, inayopanua duara la mji kwa zamu chache na kufa bila hasara mto unapofurika. Mito mingi duniani imelimwa hivyo, na gemu linalojivunia historia ya binadamu lingefaidika nayo.

Upande wa bahari, Civilization VI imetukumbuka. Zanzibar imo kama dola-mji linalompa mlinzi wake mdalasini na karafuu, na Kilwa Kisiwani ni mojawapo ya maajabu ya kujengwa, kwenye ardhi tambarare inayopakana na pwani. Rufiji haimo, ingawa boriti za mikoko ya delta zilisafirishwa hadi Uarabuni na Ghuba kwa majahazi, na mpunga wa bonde ulilisha Zanzibar katika karne ya 19. Ukiingia nyumba ya mawe ya pwani, vyumba ni virefu na vyembamba, kama mita mbili na nusu hivi kwa upana, kwa kuwa hapo ndipo urefu wa boriti ulipoishia. Upana wa chumba cha mjini ulipimwa na mti wa delta. Mchezaji anayejenga Kilwa bila mji wa nyuma unaoleta chakula na mbao atakaa zamu nyingi ajabu hilo halijaisha.

Miji iliyokua kweli kati ya vijiji vya ardhi ya juu ilikua kwa sababu nyingine kabisa. Kibiti, ambayo leo ni makao ya wilaya yake yenyewe, na Ikwiriri ziko kwenye barabara kuu iendayo Kilwa, Lindi na Mtwara. Kwa miaka mingi magari yalisubiri kivuko cha Ndundu, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mji wa njia ya biashara hauhitaji duara zuri la vigae kwa kiwango kilekile. Mkongo na Ngorongo, vilivyo nje ya barabara hiyo, vimebaki kutegemea bonde na mikorosho. Mkorosho ndio faida halisi ya kupanda juu: unakubali mchanga, hauogopi mafuriko kwa kuwa hayafiki, na hauhitaji kulindwa usiku kucha.

Mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere, lililopangiwa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme, na Aprili mwaka huohuo bonde lilijaa maji. Maelfu ya wakazi wa wilaya za Rufiji na Kibiti walipoteza mashamba na makazi, na mazungumzo ya kuhamia maeneo ya juu yakaanza upya. Civilization nayo inaruhusu bwawa, lakini zama za kati zikifika, wakati miji ya mwanzo imeshakaa ilipokaa. Kwa Rufiji hesabu ya bwawa ina upande wa pili: mto unaozuiwa huacha sehemu ya tope lake nyuma ya ukuta, na tope hilo ndilo lililokuwa likirutubisha mlau. Anayegawa viwanja vipya juu leo, baada ya kuhakikisha kwamba maji hayafiki pale, ana vipimo viwili vya kuchukua: dakika ngapi kwa miguu hadi shamba la mpunga, na nani ana mtumbwi.