Hoja au Yambwa?
Kukiita "hoja" kile ambacho fanksheni ya programu hupewa naona ni kupotosha. Hoja ya mjadala haina upana, hii inao. Programu ya GDB, chombo cha kusakia makosa, inapoita fanksheni kwa amri ya mchunguzi, sharti itii kanuni za prosesa. Kwenye MIPS ya biti 64, namba ya biti 32 huingia rejistani nafasi za juu zikijazwa kwa kurudia biti ya alama. Zikijazwa sifuri, -1 husomeka 4.294.967.295, na mchunguzi atasaka kosa lisilokuwamo. Afadhali "yambwa", ambayo kiambishi chake hufuata ngeli: kitabu, nimekisoma. Ila yambwa za kitenzi chetu ni nadra kuzidi mbili, na fanksheni hupokea nyingi.