Mnada Usionadi

Kamati ya harusi iliponituma kutafuta mvinyo, nilidhani nimepewa kazi nyepesi kuliko zote. Binti wa mama mdogo alikuwa anaolewa Nakivale, na wakwe walikuwa wameomba chupa sita za mvinyo mwekundu kwa ajili ya meza ya wazee. Kasiksi ya ndizi ilikuwapo ya kutosha. Mvinyo ulikuwa wa heshima tu. Mimi ndiye ninayesoma Mbarara, mwenye simu inayoshika intaneti vizuri, basi nikakabidhiwa.

Madukani Mbarara chupa moja iliuzwa shilingi 40,000. Nikakuta mnada wa mtandaoni, mali ikiwa Kampala: katoni ya chupa sita za mvinyo uleule, mabaki ya hoteli iliyofunga. Dau lilianzia 90,000. Nilipanda na wenzangu nisiowaona hadi 180,000, saa ikaisha, skrini ikaandika kwamba nimeshinda. Nikaipiga picha skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Pongezi zilimiminika. Mjomba aliandika, “Elimu ni kitu!”

Asubuhi ikaja ankara. Ada ya mnunuzi, asilimia 20 ya dau, shilingi 36,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 juu ya ada hiyo, 6,480. Ghala, 5,000 kwa siku, nami nilihitaji siku tatu za kukusanya pesa za watu. Kisha 15,000 za kusafirisha kwa basi hadi Mbarara. Jumla 252,480, na hapo sijataja makato ya kutuma pesa kwa simu wala nauli ya teksi hadi Nakivale. Dukani ningelipa 240,000 na kuondoka na chupa zangu mkononi.

Hasara ya shilingi elfu kumi na kitu huvumilika. Kilichoniuma ni kikao cha kamati. Picha niliyowatumia ilisema 180,000, nami nimesimama mbele yao nikidai 252,480. Pesa zile zilichangwa na watu wanaouza nyanya na mkaa, watu wanaohesabu kila noti. Hakuna aliyesema nimezila. Mama mtunza hazina aliniuliza tu, kwa upole, “Mwanangu, hizi nyingine zilienda wapi?” Nilipoonyesha ankara, wazee waliitazama simu kama mtu anavyotazama dawa ya mganga asiyemwamini.

Tangu siku ile nimerudi kuusoma ukurasa ule jinsi tunavyofundishwa kusoma kazi ya fasihi: nini kimewekwa mbele, nini kimefichwa, nani anasema na nani ananyamazishwa. Tarakimu ya dau ni kubwa, imekolezwa, inabadilika mbele ya macho. Saa inahesabu kurudi nyuma ili usipate nafasi ya kufikiri. Ada imo pia, sikatai; imekaa ndani ya masharti, aya ya kumi na moja, kwa herufi za kutafutwa. Anayeyasoma masharti saa inapohesabu sekunde amekwisha kuikosa mali.

Lugha yetu inaijua kasoro hii kuliko mimi. Mnada unatokana na kunadi, yaani kutangaza kwa sauti ili watu wasikie. Kisichotangazwa hakimo mnadani. Nalo neno ada, lililotoka kwenye Kiarabu, asili yake ni desturi: malipo yanayofahamika na wote kabla shughuli haijaanza, kama yale ya harusini au ya jandoni. Ada ambayo mgeni anaigundua asubuhi, baada ya kufungwa na ahadi yake, inaitwaje ada?

Kanisani kwetu Nakivale, Jumapili ya mavuno, sadaka za vitu hunadiwa uani. Jogoo husimamishwa, mnadi huita elfu kumi, mwingine huita kumi na mbili, watu wanacheka, na anayeshinda kwa elfu ishirini hulipa elfu ishirini. Mnada wa mali nyingi haufanani na wa jogoo mmoja, najua, na dalali naye ana watoto wa kulisha. Lakini hata kwenye masoko ya ng'ombe ushuru unajulikana kabla hujagusa kamba ya mnyama.

Mtindo huu haukuzaliwa Kampala. Mwaka 1975 nyumba mbili kubwa za mnada za London, Christie's na Sotheby's, zilianza kumtoza mnunuzi asilimia 10 juu ya bei ya nyundo, ilhali tayari zilikuwa zikimkata muuzaji. Leo kwenye mvinyo ada hiyo mara nyingi hufika asilimia 20 na kuzidi. Wanunuzi wazoefu hawasumbuki: huanza na jumla wanayoweza kulipa, kisha hurudi nyuma hadi kwenye dau. Ningefanya hivyo, ningeondoa 30,000 za ghala na basi kwenye 240,000, nikagawanya 210,000 zilizobaki kwa 1.236, na kuacha kupanda karibu na 169,900. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ila ukurasa ungeweza kuifanya wenyewe kwa kufumba na kufumbua, na haukuifanya, kwa sababu mtu anayeiona jumla hupanda polepole.

Malipo yanayoonekana, watu huyajadili. Mwaka 2018 Serikali ya Uganda ilipoweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, kila mtu aliiona ikimkata, kelele zikapigwa, na kabla mwaka haujaisha ikashushwa hadi asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa pesa tu. Ada ya aya ya kumi na moja nani ataipigia kelele?

Niliwaandikia wenye mnada, nikaomba jumla ionyeshwe kando ya dau. Walijibu kwa adabu kwamba masharti yote yapo kwenye ukurasa.

Harusi ilifana, wazee wakanywa. Kwenye daftari la hazina mama yule aliandika mistari miwili: “Mvinyo, 180,000.” Chini yake, “Mambo ya simu, 72,480.” Kando ya mstari wa pili aliweka alama ya kuuliza, na hadi leo hajaifuta.